Mkunga Aliyekabidhiwa Ufunguo

Wasomaji wangu, wachuuzi wa mboga walioshuka sokoni juzi wameniletea habari ya msiba kutoka Mgeta: mkunga mmoja mzee wa huko juu amefariki, na amekwisha kuzikwa. Wengi wenu hamkumjua. Mimi nilimjua enzi za Mjerumani, tulipokuwa vijana tukijifunza uuguzi katika hospitali moja hapa Morogoro. Mimi nilifundishwa kufunga vidonda, yeye maradhi ya wanawake, kwa kuwa wanawake wa mji walikataa katakata kuguswa na mwanamume.

Alikuwa mjane asiye na mtoto. Mjomba wake, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye neno, alikwisha kuahidi kumwoza kwa mzee mmoja wa Mlali. Yeye na mjomba wakapatana kwamba akifaulu mtihani wa daktari atabaki mjini na kazi yake. Akishindwa, atarudi na mjomba siku hiyo hiyo. Basi alidurusu kwa hofu. Hakujua kusoma, hivyo mimi ndiye niliyemkumbusha mafundisho ya daktari. Lakini ningewezaje kumtamkia mjane wa watu habari za hedhi na kisonono? Shangazi yangu ilimbidi akae katikati yetu barazani.

"Mwulize," nilimwambia shangazi huku nikitazama pembeni, "kondo la nyuma likikawia kutoka, aogope nini?"

"Nimemsikia, mimi si kiziwi," akajibu mwenzangu. "Mwambie naogopa damu kumwagika, na mzazi kuanza kupoa mikono."

Shangazi akashika mdomo. "Yarabi! Nimezaa wanangu wote, mambo haya sikuambiwa na mtu."

Tulicheka, na tangu hapo aibu ikapungua. Jibu moja tu hakupenda kulitamka, lile la kaswende. Nyuma ya hospitali palikuwa na nyumba ambamo wanawake walioonekana kuwa na kaswende walifungiwa mpaka wapone. Waume zao, wengi wao askari, walitembea watakavyo. Yeye ndiye aliyewapelekea uji wanawake wale, akawasikia wakililia watoto wao.

Siku ya mtihani alijibu yote bila kubabaika. Mjomba alikuwa amekaa nje kizingitini, mzigo umeshafungwa. Mwishowe daktari akauliza, "Ukiona mwanamke ana kaswende, utafanya nini?"

Yeye akauliza, "Bwana Daktari, na mumewe je?"

"Sikukuuliza habari za mume. Jibu."

Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikamwona akiutazama mlango. Akainamisha kichwa. "Nitamleta afungiwe mpaka apone."

Akafaulu. Mjomba akaondoka peke yake, na mwenzangu akakabidhiwa ufunguo wa nyumba ile. Nilimpongeza; akaufunga ufunguo kwenye pindo la khanga. Hazikupita siku nyingi wanawake wa mji wakaacha kumsalimu. Wenye maumivu walimficha hali yao, na wengine waliona heri wajifungulie porini kuliko kumwita. Aliniambia, "Kaka, nimekimbia nyumba ya mzee mmoja, sasa nina nyumba nzima ya wanawake shingoni. Nikiacha kazi, mjomba yupo. Nikibaki, wananichukia, na wana haki." Alifanya alichoweza: aliwasihi wanawake wawashawishi waume zao waje kutibiwa. Wachache walikuja. Nyumba haikukosa watu.

Vita vilipofika na Wajerumani wakaukimbia mji, alifungua mlango. Wanawake walitoka mbio bila hata kugeuka. Nilimkuta ameketi palepale, mlango wazi nyuma yake, hajui pa kwenda. Mjomba alikuwa amekwisha kufa, lakini hata huko milimani sifa mbaya ya mwenzangu ilikuwa imemtangulia. Alipanda Mgeta, akaishi miaka bila mtu kubisha hodi, mpaka binti mmoja alipokwama na uchungu na ndugu zake hawakuwa na wa kumkimbilia ila yeye. Mama na mtoto wakapona. Ndipo wengine wakaanza kuja, kwa wasiwasi, kila mmoja akiuliza kwanza kama ataruhusiwa kurudi kwake.

Siku hizi vijana wetu wanadurusu mambo yaleyale kwa ajili ya mitihani yao, nami nafurahi. Ila ninawaomba walimu wao jambo moja. Mnapomfundisha mtu kuutambua ugonjwa, msimlazimishe kumgeuka mgonjwa ili apate mkate wake. Marehemu aliyajua maradhi ya wanawake vizuri sana, na kwa miaka mingi ujuzi huo haukumfaa mwanamke hata mmoja, kwa sababu wote walimwogopa.