Maneno ya Mzee Bahati Niliyoyafuta

Ipo siku moja ya Toronto ninayoikumbuka kila ninapoanza kujisifu, na kujisifu, mwanangu, nimejaliwa. Nilifika kule na begi moja, nikafunga maboksi ghalani Brampton, mji wa jirani, nikajisomesha hadi diploma ya mazingira. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Leo nimerudi Kigoma, nina nyumba ya vigae, na diploma iko ukutani sebuleni.

Mzee Bahati, Mkongo wa Kivu, tulisali naye kanisa moja Etobicoke, hukohuko Toronto. Binti yake alikuwa muuguzi katika mji mdogo kaskazini mwa jimbo, na kampuni moja ilitaka kuchimba dhahabu upande wa juu wa mto ambao mji ule unakunywa maji yake. Kule serikali ya jimbo haitoi kibali kimyakimya. Kampuni hueleza itahifadhi wapi tope la sumu, itapimaje maji, na itafukiaje mashimo ikiondoka. Kisha wananchi hupewa siku kadhaa waandike maoni yao.

Mzee hakujua Kiingereza. "Wewe una diploma," aliniambia. "Niandikie."

Akanisimulia. Kwao Kivu ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulivunjika wakati wa mvua. Watu wa chini ya mto walijua siku ya tatu, walipoona samaki wanaelea. Mtoto wake wa kwanza alikuwa ameshakunywa maji yale. "Ninaomba kitu kimoja tu," alisema. "Ukuta ukivunjika, watu waambiwe saa ileile."

Niliandika yote. Nilipofika kwangu nikayaonea aibu, nikaona kama soga za barazani. Nikamfuta mtoto, nikafuta samaki, nikafuta hata lile ombi, nikapachika istilahi za chuoni. Nikatuma siku ya mwisho. Jumapili nikamsomea kwa Kiswahili, kifua mbele.

Alisikiliza hadi mwisho. "Kijana, umenipikia sombe, kisamvu cha kwetu, majani umeyatupa. Mimi niko wapi humu?"

"Mzee, serikali haitaki hadithi. Inataka utaalamu."

"Wataalamu wanao. Aliyezika mtoto ndiye wasiye naye."

Nilikimbilia kompyuta. Muda wa maoni ulikuwa umekwisha, na maji yakimwagika hayazoleki.

Kibali kilitoka, kikiwa na masharti. Mvuvi mmoja mzee alikuwa ameandika kwa maneno yake ya kawaida mahali samaki wanapotagia, na serikali ikaagiza maji yapimwe hapo pia. Kuhusu kuwaambia watu saa ileile, hapakuwa na neno. Je, ya Mzee Bahati yangesikilizwa? Sijui. Sitajua kamwe.

Mzee hakunigombeza tena. Alinisalimia vizuri kila Jumapili, na hilo liliniuma kuliko matusi. Alifariki majira ya baridi. Baada ya maziko binti yake alinifuata.

"Kaka, Baba alisema alikusimulia habari za marehemu dada yangu. Mimi hakuwahi kunisimulia. Unayo yale maandishi?"

Sikuwa nayo.

Mwanangu, soma, tena usome sana. Siombi radhi kwa diploma yangu. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sheria ya mto inamhitaji aliyekunywa maji yake, hata kama lugha yake imekatikakatika. Ukiombwa kubeba neno la mtu, libebe zima, umsomee kabla ya kulituma, na yeye ndiye aseme limekamilika.

Mungu akupe masikio kabla ya kalamu. Wazee wako wasife na neno kooni, na maji watakayokunywa wanao yawe salama. Amina.