Injini Iliyogonga Kati ya Kitale na Bumula

Tulitoka Kitale Jumamosi asubuhi kwa sababu mbili. Ya kwanza niliisema kwa sauti: twende Bumula tukamchukue mama mkwe, aje akae nasi wiki chache. Ya pili niliiweka tumboni. Nilitaka kulisikiliza gari letu kwa mara ya mwisho katika safari ndefu, kwa sababu lilikuwa limeanza kugonga. Ukikanyaga mafuta mlimani, injini inalia ka-ka-ka-ka, kama misumari ndani ya mkebe. Fundi wetu aliisikiliza, akatikisa kichwa, akasema imekwisha, afadhali tuliuze gari kabla halijalala barabarani. Tena mnunuzi alikuwa naye tayari. Jumatatu ningempa ufunguo.

Na lawama nilikuwa nimeshamtwika mtu. Mke wangu Nafula anauza miche ya parachichi, na mara mbili kwa wiki huipeleka soko la Moi's Bridge kwa gari hilo. Gari likiuzwa, biashara yake inaenda nalo. Hata hivyo nilikuwa nimemwambia mbele ya watoto, "Mama Wambui, wewe ndiye umeua hii injini. Unaendesha kama mtu anafukuzwa." Kesho yake alianza kuuliza majirani nani ana pikapu ya kukodisha.

Saa mbili, Kiminini. Mimi ni mtu wa kuuliza maswali, baba yangu alinichoka nikiwa bado mdogo. Niliingia kituo cha petroli kwa sababu niliona pampu mbili: moja ya supa, yaani petroli ya kawaida, nyingine ya petroli yenye jina la kujivuna na bei ya kujivuna.

"Dada, hii ina nini ambayo ile haina?"

"Hiyo ni ya magari ya wakubwa."

"Wakubwa wa nini?"

"Si wakubwa tu, bana! Unaweka ama huweki?"

Sikuweka. Nafula aliniuliza kama tumesimama kupiga gumzo. Nikamjibu kwamba mafuta ya ndani yanatosha, na nilijisifu kimoyomoyo, maana nilikuwa na ujanja wangu. Kwa miezi miwili hivi nilikuwa nanunua petroli kwa jamaa mmoja mtaani anayeuza kwa mitungi. Alisema inavuka mpaka wa Uganda kule Lwakhakha, ndiyo maana bei yake ni ya chini. Nafula hakujua. Nilikuwa ninangoja siku nzuri ya kumshangaza kwa akili yangu.

Saa tatu na nusu, Kimilili. Tulikunywa chai, na swali bado linaniwasha. Nikamuuliza mwenye bodaboda aliyekaa meza ya pili kuhusu ile petroli ya bei. "Hiyo inaosha injini," akasema. "Ni kama dawa ya minyoo." Mwenye hoteli akamkatiza: "Wacha uongo. Hiyo inaongeza spidi." Watu watatu, majibu matatu. Nilitoka pale nikiwa na hamu zaidi ya kujua, na mandazi mawili mfukoni.

Mbele ya Chwele palikuwa na mwinuko. Nikakanyaga. Ka-ka-ka-ka.

"Leo ni nani anaendesha?" Nafula akauliza, macho yake dirishani.

"Ugonjwa ukishaingia hauchagui dereva," nikasema. Jibu lilinitoka haraka mno, hata mimi sikulipenda.

Saa tano na nusu, Bumula. Hapa sharti nieleze jambo. Mimi ni Mkikuyu wa Trans-Nzoia, na nimeoa kwa Wabukusu. Kwao mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni, wala hawasemezani moja kwa moja. Ni heshima, na baada ya miaka kumi na minne nimeizoea. Nililetewa ugali na kuku sebuleni, mama akabaki jikoni. Salamu zetu zilipita kwa Nafula, naye alikuwa anatembea nazo kama mtu wa posta.

Mama huyu, kabla magoti hayajamsumbua, alifanya kazi ya kutia magari mafuta katika kituo cha petroli mjini Bungoma tangu Nafula akiwa mtoto. Jambo hilo nimelijua tangu nichumbie. Na mimi, mtu wa maswali, sikuwahi kumuuliza hata moja.

Saa saba tukaondoka. Mama aliketi nyuma ya kiti changu ili nisimwone, nami nikakigeuza kile kioo cha ndani kikatazama paa. Hatukuwa tumefika mbali gari likagonga.

"Nafula," sauti ikatoka nyuma yangu, "muulize mume wako, hii gari inakula nini?"

"Mama anauliza gari linakula nini."

Nilikuwa nimesikia. Hata ng'ombe wa kando ya barabara walisikia. "Mwambie mama linakula petroli."

"Muulize ya wapi."

"Mwambie ya Kitale."

"Kitale ni kubwa. Muulize pampu gani."

Hapo nikajitia kushughulika na gia. Nafula alinigeukia akaniangalia, na akaendelea kuniangalia. Nikasema polepole, "Mwambie... si pampu. Ni ya mtungi."

"Ati ya nini?" Nafula alisahau kabisa kwamba yeye ni mjumbe tu.

Saa nane, Bungoma. Mama aliamuru tuingie kituo fulani, akashuka mwenyewe, akafungua kifuniko cha tangi na kuinama. "Nafula, njoo unuse." Nafula akanusa, akaruka nyuma. "Mafuta ya taa!"

Ndani ya kile kifuniko palikuwa na kibandiko cha Kijapani. Nimekiona tangu tununue gari, nikakidhania kuwa pambo. Binti wa pampuni akakielekezea simu yake, ikatafsiri: petroli ya daraja la juu peke yake.

Mama akanipa mgongo ili aweze kuzungumza, akamweleza binti yake somo langu. "Petroli yote inashika moto. Tofauti ni uvumilivu. Kuna namba yake, inaitwa okteni. Namba ikiwa ya chini, mafuta yakibanwa ndani ya injini yanalipuka kabla ya wakati yake. Huo mlipuko ndio unagonga. Hii gari iko na turbo, inabana sana, inataka ile namba ya juu. Sasa yeye anawekea iliyochanganywa na mafuta ya taa, yenye inashusha namba chini kabisa!"

Nilisahau aibu yangu yote. "Muulize mama: basi kila gari liwekewe ile ya bei?"

"Mwambie hapana. Gari yenye imetengenezewa supa ya kawaida, hiyo ingine haiipatii nguvu. Ni kutupa pesa tu. Asome kifuniko ama kitabu ya gari, asisikilize watu wa njiani."

Jamani, nilifurahi! Swali la asubuhi nzima lilikuwa limepata mwenyewe. Fundi wa pale aliyamwaga mafuta yaliyobaki kwenye tangi, tukajaza petroli ya daraja la juu. Mama alisema huenda injini haijaumia, tuipeleke mlimani ituambie yenyewe.

Saa kumi na robo, Kamukuywa. Tulivuka daraja, kilima kikatupokea. Nikakanyaga. Gari likapanda kimya. Nikakanyaga zaidi. Kimya. Nilipiga kelele, "Nafula, sikia! Hakuna kitu!" Yeye hakushangilia.

Ndipo furaha yangu ikaniishia. Niliegesha kando, nikampigia fundi wetu nikamwambia mnunuzi asije Jumatatu, gari haliuzwi. Kisha nikamgeukia Nafula.

"Mama Wambui, injini hukuiharibu wewe. Ni mimi. Nisamehe."

Nafula aliweka mikono mapajani. "Nikuulize. Sauti ilianza lini?"

"Wiki ile nilianza kununua ya mtungi."

"Na ulishuku lini kwamba ni mafuta?"

Ningeweza kudanganya. Nyuma yangu mama alikuwa anasikiliza.

"Kabla sijakulaumu," nikasema.

Nafula alishuka, akazunguka, akanifungulia mlango. Nikahamia upande wa abiria, yeye akashika usukani. Aliendesha vizuri, bila haraka, kama alivyoendesha siku zote.

Nilikuwa nimejifunza okteni ni nini, na gari lipi linataka ipi, na kwamba mtu anaweza kuuliza watu njia nzima huku anakwepa swali lake mwenyewe. Tulipokaribia Kiminini, mama akakohoa.

"Nafula, mwambie mume wako..."

"Mama, mwambie mwenyewe. Mimi leo siongei na yeye."

Mama hangeweza kuniambia, wala mimi singeweza kumuuliza. Injini ilinyamaza, nasi watatu tukanyamaza, mpaka Kitale.