Ukimpa Mtu Mbegu, Usiichemshe

Iko siku moja huko Rombo ya Wamaasai nakumbuka mpaka leo, mwanangu. Mvua ilikuwa imeshika, kila shamba limekuwa kijani, lakini shamba la jirani yetu Mama Mutuku lilikuwa udongo mtupu. Alikuwa amepanda maharagwe kama sisi, na mbegu aliomba kwetu. Yetu yalikuwa yamefika magotini. Yake yalioza chini.

Nilikuwa msichana wa kuchota maji, shule nimeshatolewa. Cucu wangu, mama ya baba, alienda kwa lile shamba akafukua mbegu moja kwa kidole, akaivunja, akanusa. Alirudi nyumbani akamwita anti yangu, mke wa ndugu mdogo wa baba, akamuuliza ile mbegu aliyompa Mama Mutuku aliifanya nini. Anti akakiri. Alikuwa ameichemsha kidogo, akaianika ikakauka tena. Ukiyaangalia ni maharagwe mazuri, ukiyapika yanaiva, lakini kuota hayawezi. Hakutaka mwingine awe na aina hiyo sokoni. Na ujue mbegu yenyewe haikuwa yake. Tulipewa na mama mmoja Mtaita, ndiyo maana tuliiita ya Mama Mghoi. Kwetu mbegu ilibeba jina la aliyekupa, hata ukiipanda mpaka uzeeke.

Cucu hakupiga kelele. Alimwambia, "Umempa chakula ukamnyima shamba." Kisha akamimina mbegu kutoka kibuyu chake mwenyewe, akamtwika anti, na akamsimamia mpaka akapanda shamba la Mama Mutuku lote kwa mikono yake, watu wakipita wakiona. Mama Mutuku, Mkamba wa mdomo mkali, alikuwa ameketi kando ya shamba. "Ukichoka sema nikupikie," akamwambia. "Yale yako ya kuchemsha bado niko nayo."

Utaniuliza, "Maharagwe yananihusu nini na mimi nafundisha kwa kompyuta?" Ngoja. Haraka haina baraka.

Mjukuu wangu Wangari ni mwalimu wa watoto wadogo huko Bisil. Jumamosi huja kwangu hapa Kitengela. Watoto wake wengi wanatoka maboma ya mbali, Kimaa ndiyo lugha yao, na akiwasomea kitabu walikuwa wanamwangalia tu kama watu wanaongoja mvua. Akatafuta kwa mtandao, akapata masomo ya kusoma, na picha zake, yaliyowekwa na mwalimu mmoja wa nchi ambayo mimi sijui iko wapi. Bure kabisa. Nikadhani ni wizi, nikamkemea. Akanionyesha mahali pameandikwa kwa chini, akanisomea polepole: tumia, badilisha, gawia wengine, lakini taja jina langu, na wewe pia uwape ruhusa hii hii.

Mtu ambaye hajawahi kutuona amempa mjukuu wangu kazi ya mikono yake. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake hapo hapo, ugali ukiwa motoni.

Wangari akatoa theluji akaweka vumbi, akatoa treni akaweka ng'ombe wakienda soko la Bisil. Ikapendeza. Mwalimu mwenzake anaitwa Naserian, anayefundisha huko huko Rombo nilikokulia, akaomba apewe ili aweke maneno ya Kimaa. Shida yake ilikuwa kubwa. Wazazi walikuwa wameanza kuwatoa watoto darasani wawarudishe kwa mbuzi, wakisema huko shule wanaenda kukaa bure.

Wangari alimtumia. Lakini aliyafunga kwa neno la siri, ili Naserian asome tu, asiweze kubadilisha hata neno moja. Na mbele akaandika jina lake peke yake. Alinieleza haya akicheka, tukikata sukuma wiki. Nikaweka kisu chini.

"Cucu, wewe hujui watu," akaniambia. "Kuna mtu alichukua mitihani yangu akauza kwa duka la fotokopi, jina lake juu. Hii ni jasho langu."

Hapo alisema kweli, na sikumkatiza. Kuibiwa kunauma. Nikamuuliza tu, yule mwalimu wa kwanza angefunga yake, hao ng'ombe wako wangepita wapi? Halafu nikamweleza habari ya anti.

Akaacha kukata sukuma. "Kwa hivyo mimi ndiye anti."

"Bado," nikamwambia. "Anti alingoja mpaka yakaoza."

Alichukua simu kabla hajanawa. Akayatuma tena yakiwa wazi, jina la yule mwalimu wa kwanza juu na lake chini yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Naserian aliweka Kimaa, akaweka na sauti yake akisoma. Pia akarekebisha kitu. Wangari alikuwa amechora mzee akikamua ng'ombe, na kwa Wamaasai kukamua ni kazi ya akina mama. Ndiyo maana darasa la Bisil lilikuwa linacheka kila likifika hapo na mwalimu hajui kwa nini. Akamrudishia Wangari yote. Wangari alipowachezea watoto wake wa Bisil ile sauti, msichana mmoja ambaye hajawahi kufungua mdomo tangu shule ifunguliwe alijibu swali, tena akawasahihisha wenzake. Na huko Rombo waliotolewa wamerudi. Si wote, lakini wengi. Mama zao wengine husimama dirishani kusikiliza.

Basi sikia, wewe unayetafuta vya kufundishia humo mitandaoni. Kabla hujachukua, soma mwenyewe amekuruhusu nini; kilicho wazi si lazima kiwe cha kila mtu. Pepeta, kwa maana humo kuna uongo mwingi umevaa nguo nzuri. Ukipata chema, taja aliyekupa, hata kama hatakujua kamwe. Kibadilishe kifae watoto walio mbele yako, si watoto wa mbali. Ukimaliza, kitoe kikiwa wazi mwingine aendelee nacho, na akikurudishia na marekebisho, usinune, sema asante. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sasa sogea karibu nikutemee mate kifuani, kama wazee wetu walivyobariki. Mungu akupe macho ya kuona wema wa watu usiowajua. Kazi yako ifike mahali miguu yako haitafika, na huko iwakute watoto wanangojea. Wasikose wa kuwasomea. Na wewe usikose wa kukushukuru. Thaai, amani iwe nawe.