Haya ya Kapteni

Mama Pazia alikwenda kwenye klabu ya ndege kushona viti. Hakwenda kwa lingine lolote, na mtu asimsingizie. Ndege ya klabu, ambayo wanachama huiita Bibi kwa sababu ya umri wake na jinsi inavyokohoa kabla ya kuamka, viti vyake vilikuwa vimechakaa hadi sponji zinachungulia. Yeye ni fundi wa mapazia, lakini anayeweza pazia hashindwi na kiti. Akashona, akavipachika, kisha akakaa kwenye kimoja ajaribu kama kimekaa sawa. Hapo ndipo alipopatikana. Mbele yake palikuwa na usukani, na nje ya kioo palikuwa na njia ya kurukia iliyonyooka mpaka macho yanachoka.

"Huu ukivutwa, inakuwaje?" akauliza.

"Haya, vuta uone," akajibiwa na Kapteni, mkufunzi wa klabu.

Injini ilikuwa imezimwa, hapakuwa na hatari yoyote. Mama wa watu akavuta. Wiki iliyofuata akarudi, bila sindano wala uzi, akajiandikisha kujifunza urubani.

Klabu yenyewe usiipambe sana kichwani. Ni banda moja la mabati, ndege moja, birika moja la chai, na wanachama ambao wote wakijazana bado wanatosha kwenye meza mbili. Mwenyekiti ni Daktari wa Meno. Wamo pia dada wawili wa tumbo moja, wafanyakazi wa benki, wanaogombana ardhini na angani. Kila Jumamosi, ndege ikisharudi bandani, hukaa juu ya matairi ya zamani wakafanya kile wanachokiita kuanika. Kila mtu huanika kosa lake. Kuna aliyepaa mlango ukiwa wazi, na kuna aliyekaribia kutua kwenye barabara ya kiwanda cha saruji akidhani ni kiwanja. Mwenye kosa hueleza, wenzake humuuliza, mpaka kosa la mmoja liwe somo la wote. Kanuni ni moja tu: ndani ya banda cheka mpaka mbavu ziume, ukitoka nje hujasikia kitu. Kwa hiyo hakuna mwanachama anayerudia kosa la mwenzake. Kila mmoja hubuni lake jipya.

Kapteni ni mtu mnene, mpole, aliyeendesha ndege za mizigo mpaka akastaafu. Mizigo haihitaji mazungumzo, na labda ndiyo sababu maneno yake yalipungua mpaka likabaki moja: haya. Ukiwasha injini vizuri, haya. Ukikosea, haya, ila ya kuvuta kidogo. Tupande, haya. Tushuke, haya. Mkewe husema hata siku ya posa mzee huyo alisema haya, na mpaka leo hajui kama alikuwa anakubali au anaaga.

Sasa sikiliza lililokuwa likimkosesha Mama Pazia raha. Pale klabuni wewe si rubani mpaka siku Kapteni atakaposhuka kwenye ndege akuache uruke peke yako. Wale dada wawili walianza nyuma yake na wote walikwisharuka. Mama Pazia aliwapigia makofi huku roho ikimsokota. Alijua kupaa, alijua kutua, lakini kunyoosha njia kulimshinda. Mikononi mwake Bibi alikwenda pembe pembe, mara bawa hili liko chini, mara lile. Mtu ambaye mishono yake imenyooka hata ukipima kwa rula! Lilimuuma sana. Na wifi yake hakumpa nafasi ya kusahau. Kila wakikutana humuuliza, "Eti wifi, bado unabebwa?"

Basi Jumamosi moja anga ilitulia, upepo hakuna. Mama Pazia na Kapteni wakapaa. Walipofika juu ya mto, Kapteni akasema, "Haya."

Mama Pazia aliijua haya hiyo. Ilikuwa haya ya niachie nikuonyeshe. Akaachia usukani, akaweka mikono mapajani, akakaza macho mbele kwenye upeo kama alivyofundishwa, asome. Na lililofuata lilikuwa darasa. Kutoka mtoni hadi machimbo ya kokoto Bibi alikwenda moja kwa moja, bawa halipandi, bawa halishuki. Mama Pazia akajisemea moyoni, kweli utu uzima dawa. Walipofika machimboni Kapteni akasema haya nyingine, naye akajua amerudishiwa. Akashika, akageuza, wakarudi kutua.

Bandani Kapteni akazungumza kuliko alivyowahi kuzungumza mwaka mzima.

"Leo mimi nilikuwa abiria," akawaambia wenzake, kikombe mkononi. "Kutoka mtoni mpaka machimboni sikugusa kitu. Nilikaa natazama ng'ombe huko chini. Mama huyu ameinyoosha ndege, hata mimi sijawahi kuinyoosha hivyo. Jumamosi ijayo anaruka peke yake."

Makofi yakapigwa. Wale dada wawili wa benki wakamkumbatia. Mama Pazia alikuwa amefungua kinywa amshukuru Kapteni kwa darasa, na kinywa kikabaki wazi hivyo hivyo. Alianza kuelewa. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hawakusema chombo kisicho na nahodha hata mmoja huendaje. Sasa yeye alikuwa anajua: huenda sawasawa.

Siku hiyo hakuanika kitu. Alipoulizwa kosa lake, alisema alifunga mkanda vibaya.

Siku zilizofuata aliharibu mapazia ya watu. Siku ya tatu akaona heri aseme, akaenda kwenye kibanda cha mumewe cha kunyolea. Mume wake ni mtu mwema ambaye hapandi hata kigoda kubadilisha balbu. Alikuwa amemkalisha mteja, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Mama Pazia akaeleza yote hapo hapo, maana mambo mengine ukisubiri faragha yanakupasua.

Mume akazima mashine. "Ngoja kidogo, mke wangu. Yeye alidhani umeshika wewe."

"Ndiyo."

"Na wewe ulidhani ameshika yeye."

"Ndiyo."

"Na mlikuwa juu."

"Juu sana."

Mume akatafuta mahali pa kukaa. Mteja, chini ya shuka, akageuza ile nusu ya kichwa amtazame huyu mama.

"Sasa kama inajua kwenda yenyewe," mume akasema hatimaye, "Jumamosi iacheni iende. Wewe baki nyumbani tunywe chai."

Alisema kwa hofu, si kwa mzaha, lakini Mama Pazia alitoka pale na lile neno limemkwama. Iende yenyewe. Alitaka kuruka peke yake kuliko alivyotaka kitu chochote tangu watoto wake wawe wakubwa. Lakini akinyamaza, mwenye sifa hasa ni nani? Bibi. Yeye atakuwa amebebwa kama kawaida, ila safari hii hata mbebaji hayupo.

Jumamosi ikafika. Bibi alikuwa ameoshwa, wanachama wote wamekuja, na mume pia amekuja, amesimama mbali kabisa karibu na lango. Wifi alikuwa amevaa nguo za harusi. Kapteni akasema, "Haya."

"Kapteni, samahani," Mama Pazia akasema. "Mimi naomba kuanika kwanza."

Hakuna aliyewahi kuanika kabla ya kuruka. Wakaingia bandani, wakakaa kwenye matairi, naye akaeleza kuanzia mtoni. Alipofika pale alipoweka mikono mapajani, Kapteni alishusha kikombe.

"Lakini nilisema haya," Kapteni akasema.

"Ulisema. Ndipo nikaachia."

"Ile ilikuwa haya ya endelea vivyo hivyo."

"Ningejuaje, baba yangu? Haya yako ya endelea, haya yako ya lete, na haya yako ya kusafisha koo, zote zina sura moja."

Banda likacheka. Wa kwanza kuacha kucheka alikuwa Daktari wa Meno. Alikunja uso, akakumbuka kitu, akauliza polepole, "Kapteni. Ile siku yangu ya ukungu, tulipopita juu ya bwawa. Ulikuwa umeshika wewe, siyo?"

Kapteni akatikisa kichwa. Dada wa benki wakatazamana. "Na sisi ile ya machimboni?" mmoja akauliza. Mwenzake akasema, "Mimi nilikuwa natafuta lipstiki kwenye mkoba." Kila mmoja akaanza kuhesabu safari zake kichwani, na kila aliyehesabu alizidi kunywea. Ilionekana Bibi alikuwa na saa nyingi za kuruka kuliko mwanachama yeyote.

Kapteni akainama. Neno haya lina maana nyingine, ya aibu, na hiyo ndiyo iliyomshika mzee wa watu.

"Nimebeba mizigo miaka yote ile sikuangusha hata gunia," akasema. "Kumbe ningewaangusha ninyi. Imeniuma." Akafuta uso kwa kiganja. "Leo haruki mtu peke yake."

Wifi, pale mlangoni, akaanza kuvua hereni zake moja moja. Mama Pazia alitazama sakafu ya saruji. Alikuwa amejua itakuwa hivyo, na bado machozi yalimlenga. Hakuna aliyemlaumu, ila hilo halikumsaidia kitu.

Lakini klabu ile, ukiipa kosa, hailali nalo njaa. Wakaanza kubishana hapo hapo: liwe neno gani? "Chukua" likakataliwa, kwa sababu dada wa benki huambiana chukua kwa kila kitu, hata pipi. "Yako" likakataliwa, maana mtu anaweza kudhani ni ugomvi. Mwishowe wakakubaliana: anayetoa aseme "shika wewe", anayepokea ajibu "nimeshika mimi", na anayetoa asiachie mpaka asikie jibu. Waliyajaribu maneno hayo kwa birika la chai, wakipokezana, mpaka chai ikaisha bila kumwagika.

"Tupande, Mama Pazia," Kapteni akasema ghafla. "Mimi na wewe. Unifundishe ulimi huu."

Wakapaa. Juu ya mto Kapteni akasema, "Shika wewe," naye akajibu, "Nimeshika mimi." Kisha mzee akafanya jambo ambalo hakuna mkufunzi amewahi kulifanya: akakalia mikono yake yote miwili, asije akasingiziwa. Bibi akaanza kuyumba. Bawa la kushoto likazama, Mama Pazia akalirudisha, likazama la kulia, akalirudisha nalo. Walikwenda vile hadi machimboni kama mlevi anayeutafuta mlango wa nyumba yake, na wakatua kwa kuruka mara mbili kabla ya magurudumu kukubali ardhi. Mume, kule langoni, alikuwa amefunika macho kwa kofia.

Mama Pazia akasimamisha ndege mwisho wa njia ya kurukia, injini bado inanguruma. "Vibaya, ee?"

"Vibaya," Kapteni akakubali. "Umekosea, ukaona, ukarekebisha. Umekosea tena, ukaona tena. Wiki iliyopita sikuona kosa hata moja, na mimi mjinga nikafurahi." Akafungua mkanda wake.

Mama Pazia akamtazama. "Unakwenda wapi?"

Kapteni akafungua mlango. Akateremsha mwili wake mzito kwa taabu mpaka chini, upepo wa propela ukipeperusha shati lake, kisha akageuka, mkono umeshikilia mlango.

"Shika wewe," akasema.

Mama Pazia aliweka mikono kwenye usukani. Kapteni akangoja. Mwanafunzi wake hakuwa amesikia vibaya, wala hakuwa anaogopa sana. Alichelewa kujibu kwa sababu alitaka kwanza ahakikishe ni kweli.

"Nimeshika mimi," akasema, na Kapteni akaufunga mlango.