Hori la Ng'ombe Lililoingia Ziwani

Boti yetu ilifika Naivasha ikinuka molasi. Molasi na mabua ya mahindi yaliyochachuka, kwa sababu kwa miaka mingi ilikuwa hori la ng'ombe wa shosho, nyanya yangu, kule Bahati. Mzungu aliyemiliki shamba la huko zamani aliiacha kando ya bwawa, boti ndogo ya alumini ya kubeba watu wanne, na babu aliponunua kipande chake cha ardhi aliikuta majanini, akaona inafaa kulishia. Ng'ombe waliilamba mpaka ikang'aa ndani. Kwato zao ziliitoboa chini, jambo ambalo kwa hori halikuwa na neno. Baba alipoishusha kutoka kwenye lori mbele ya nyumba yetu ya kupanga, hatua chache kutoka ziwani, majirani walitoka kuja kucheka. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilitamani ardhi inimeze.

Lakini kicheko hakikuwa kitu mbele ya lile lililokuwa likitungoja. Miezi michache kabla, kiboko alikuwa ameivunja boti ya mbao ya baba vipande vipande. Baba aliogelea akaokoka, ila hakuwa tena na chombo. Wakati huo ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazaane, na siku ya kulifungua mwenyekiti wa wavuvi angekagua kila boti mpya kabla ya kuipa namba. Wazazi wangu walikata shauri nikiwasikia: boti ikipata namba tunabaki, ikikosa tunahamia Bahati kulima viazi. Mimi Bahati niliipenda kwa wiki moja tu ya likizo. Nilikuwa nimezoea kulala nikisikia viboko wakikoroma, na kila nilipofikiria kitanda mahali pasipo na sauti hiyo, machozi yalinilengalenga.

Baba alizijua mbao kama anavyoujua mkono wake. Basi aliitibu boti ile kama mbao: akasokota vitambaa, akavichovya kwenye lami ya moto, akavishindilia kwenye kila tundu aliloliona. Mama alimtazama siku mbili. Alikuwa binti wa fundi wa sufuria na mabirika, amekulia katika kelele za nyundo Nakuru mjini, na siku ya tatu uvumilivu ulimwisha.

"Baba Wambui, hiyo si mbao," alisema. "Hiyo ni sufuria kubwa tu."

"Na wewe umeanza kutengeneza boti lini?" baba akamjibu bila kuinua kichwa.

Jumamosi iliyofuata aliisukuma majini. Mbao haipindi, lakini alumini ilipinda kidogo tu chini ya uzito wake, lami ikabanduka, na boti ikajaa maji hata kabla hajashika kasia. Alirudi amelowa mpaka kifuani, akaketi kwenye mawe, akavua viatu. Hakuna aliyecheka siku hiyo, na hilo lilinitisha zaidi. Zilibaki wiki mbili ziwa lifunguliwe.

Jumapili tulipotoka kanisani, mama alileta uani ile sufuria yake kubwa ya kupikia wageni, aliyopewa siku ya harusi, akaikata kwa mkasi wa bati. Nilidhani amerukwa na akili. Kisha akatuambia tuiinue boti juu ya mawe na kuijaza maji kwa ndoo. Mimi nililala chali chini yake na chaki mkononi, na kila tone liliponiangukia usoni nilichora duara pale lilipotoka. Maduara yalifika kumi na tisa, na mengine yalikuwa mahali ambapo baba hakuwa ameona kitu. Tulipoyamwaga maji, mama alikata viraka kutoka kwenye sufuria ile, akatandika mpira wa tyubu chini ya kila kiraka, akatoboa, akachukua ribiti kama zile zinazoshika mkono wa birika. Ila ribiti haigongwi na mtu mmoja. Mmoja hushikilia chuma upande wa ndani, mwingine hupiga nyundo upande wa nje. Mama aliingia ndani ya boti na chuma chake, akangoja. Baba alisimama mlangoni kwa muda mrefu. Kisha akaja, akaokota nyundo, akauliza, "Nigonge wapi?" Niliwapenda wote wawili wakati ule kuliko nilivyowahi kuwapenda.

Siku ya ukaguzi, mwenyekiti alitandika gazeti lake kwenye sakafu ya boti, akapanda na baba na wanaume wengine wawili, wakaenda mbali mpaka nikawaona wadogo. Waliporudi, mzee yule aliinama, akaokota gazeti, akalipapasa pande zote. Halafu akaketi tena palepale na kuanza kusoma habari za mpira. Ufuo mzima ulicheka, na safari hii nilicheka mimi kuliko wote.

"Fundi ni nani, niandike?" akauliza alipotosheka.

"Andika Mama Wambui," baba akasema, kwa sauti ya kusikika. "Mimi nimegonga tu."

Leo ufuo ule uko chini ya maji. Boti nyingi siku hizi ni za plastiki ngumu, na ziwa limepanda hadi madirishani mwa nyumba ile ya kupanga. Maji yalipoingia nilikuja kutoka Nakuru, ninakofanya kazi, tukahamisha magodoro na kuku kwa boti ileile, kisha tukahamisha ya majirani. Nikamuuliza mama kama sasa hawangependa kwenda Bahati, mahali pakavu.

"Kufanya nini?" akasema, akaendelea kupakia.

Walipata chumba upande wa juu wa barabara. Kesho yake alfajiri, yeye na baba walikuwa majini kama kawaida, wakiteremsha wavu mahali ambapo zamani mama alikuwa akianika nguo zetu.