Jina Tulilolimeza

Usiku ule nililala na hasira. Wanasema mwenye kulala na hasira huota mashetani, lakini mimi niliota watu ninaowajua, na nilichokiona nakisema kama nilivyokiona.

Kwanza nieleze hiyo hasira. Kijiji chetu kiko ubavuni mwa mji uliokufa. Wageni wanauita magofu, sisi tunauita Kale. Una kuta za mawe na chokaa, una msikiti usio na paa, una makaburi yaliyopachikwa sahani za kichina, nyingi zimeshang'olewa na wezi. Mteremkoni, chini ya Kale, yako mabwawa matatu ya maji moto yanayotoka ardhini yenyewe, hakuna mtu aliyeyakokea moto. La juu linaivisha yai. La chini ni la watoto na wenye ukurutu. La kati ni letu wanawake. Mwari akitolewa ndani, hapo ndipo anapoogeshwa na somo wake, yule mwanamke aliyemfunda. Na kabla hajatia mguu majini lazima ataje: nani anamwogesha, na huyo aliogeshwa na nani, na yule na nani, mpaka afike kwa Mwana Mize, aliyekaa Kale ukingali mzima. Asiyejua kutaja haogi.

Mimi najua kutaja. Shule nilifika darasa la pili nikatolewa, lakini jina likiingia sikioni mwangu halitoki. Nayajua ya wote waliozaliwa kijijini hapa, hata ya waliokufa kabla ya arobaini zao.

Sasa wamekuja watu wanataka kujenga hoteli pale na kuyazungushia mabwawa ukuta. Wilayani wakasema, kama kuna wenyeji wenye asili na Kale, wajitokeze waeleze. Nikapelekwa mimi. Nikasimama mbele ya afisa, kijana mwenye miwani, kijiji kizima kimekaa chini kinanisikiliza. Nikataja. Mimi Mwanahawa niliogeshwa na Bi Rehema. Bi Rehema aliogeshwa na Bi Mwanaidi. Bi Mwanaidi aliogeshwa na Bi Mwanashaha. Nikaenda hivyo mpaka kwa Mwana Mize. Afisa alikuwa anaandika, akainua kichwa.

"Bibi, huyu Mwanashaha alifariki lini?"

"Mwaka wa njaa kuu. Kaburi lake ni la pili kutoka mlango wa msikiti."

"Na Mwanaidi alizaliwa lini?"

Na mimi mtu wa kusema kweli nikajibu, "Mwaka huohuo wa njaa. Ndiyo maana mguu wake mmoja ulikuwa mwembamba."

Akaweka kalamu. "Sasa Bibi, mwari aliogeshwaje na maiti?"

Watu wakacheka. Hata wa kwetu walicheka, Mwajuma niliyemfunda mwenyewe nilimwona kajiziba mdomo kwa kanga. Afisa akasema hiyo si asili, ni hadithi ya jikoni. Jioni Shabani, mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiji, akaja na karatasi. Imeandikwa kwamba sisi hatuna asili na Kale wala na maji yake. Lililobaki ni dole langu gumba.

"Shangazi, tusizidi kujiaibisha. Asubuhi nitakuja na wino, uweke dole, yaishe."

Nikamwambia sawa. Nilikuwa nimechoka. Na kilichonikasirisha hakikuwa kicheko chao. Nilijua majina yale yamekatika wapi, nilijua tangu nikiwa mwari, na nilisimama pale mbele ya watu nikanyamaza.

Basi usingizi ukanichukua. Nikaona mlango wa chumba umefunguka na jua la saa sita linaingia, jua kali la mchana, na Bi Rehema amesimama kizingitini. Bi Rehema alikufa nikiwa na watoto wanne, yeye mwenyewe hajatia mvi nyingi. Nilimwamkia huku naona haya, kwa sababu mimi sasa ndiye mzee.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba. Umezeeka wewe mpaka umenipita." Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Na umenenepa. Inuka."

Nikainuka, magoti hayakuuma. Nikageuka kukitandika kitanda na kitanda hakipo, tuko njiani, njia ile ya kushukia Kale, mchanga unaunguza nyayo. Bi Rehema yuko mbele. Namtazama visigino vyake, vimepasuka, miguu imepauka mpaka magotini kama mtu aliyetoka kulima kiangazi. Nashangaa, maana alikuwa mwanamke wa mafuta, nyumbani kwake nazi haikukaukia bure.

"Somo, mbona umepauka hivyo?"

"Sijaoga."

"Tangu lini?"

"Sijaoga hata siku moja."

"Na mimi aliniogesha nani, kama si wewe?"

"Twende ukaone," akasema.

Tukapita penye msikiti, na msikiti una paa. Kale umesimama wote. Kuta ni nyeupe kwa chokaa mbichi, madirisha yana mapazia, ndani ya nyumba moja mtu anatwanga. Nyumba hiyo mimi naijua, katikati yake umeota mpapai, lakini leo mpapai haupo, pana mkeka na mtoto amelala. Sahani zote ziko makaburini, za bluu na za kijani. Harufu ya maji yetu inanijia, ile ya yai viza ambayo wageni huziba pua, na mimi nasikia raha. Nataka kusimama nitazame. Bi Rehema hasimami.

Tukafika bwawa la kati.

Ng'ambo ya maji wamekaa wanawake watu wazima, wameloa, wanang'aa, wanasukana nywele. Bi Mwanashaha yuko mbele yao, nikamjua bila kuambiwa, na nyuma yake wengine na wengine mpaka Mwana Mize ambaye ni mdogo mdogo kama mbegu. Upande wetu huu amesimama msichana wa miaka kumi na mitatu, kajifunga kaniki, mguu mmoja mwembamba. Ni Bi Mwanaidi. Mimi nilimjua kikongwe mwenye mkongojo, akinituma tumbaku, na sasa ni mtoto anatetemeka juani.

"Nani ananiogesha?" akauliza.

Nikasikia minong'ono mgongoni. Kugeuka, wamesimama wote niliowaogesha mimi, Zuhura binti yangu, na Tatu, na Pili wa Bakari, na wale pacha wa Mgeni, na Mwajuma aliyenicheka, kila mmoja na kanga kavu, vumbi limewafika mpaka kwenye nyusi. Wananitazama mimi. Nikajitazama mikono, na mimi nimepauka.

"Taja," akasema Bi Rehema.

Nikataja. Mimi Mwanahawa, niliogeshwa na Bi Rehema. Bi Rehema, aliogeshwa na Bi Mwanaidi. Hapo mate yakanijaa kinywani.

Hapo pana namna yake. Ukifika kwa Bi Mwanaidi unameza mate kwanza, ndipo unaruka kwa Bi Mwanashaha. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa sote. Mwari akiuliza kwa nini anameza, anafinywa.

Nikameza. Nikasema, "Bi Mwanaidi aliogeshwa na Bi Mwanashaha." Mapovu yakakoma. Bwawa likatulia kama maji ya mtungini, na ubaridi ukatoka pale, ubaridi ambao sijapata kuusikia maishani mwangu. Bi Mwanashaha ng'ambo akatikisa kichwa. Mtoto akazidi kutetemeka.

Nikapandwa na hasira, hasira ileile niliyolala nayo. Nikawaambia, "Msinitolee macho. Mlionifundisha kumeza ni nyinyi. Wewe, Bi Rehema, ulinifinya paja hapahapa nilipouliza, likavimba siku tatu. Mmejifia zenu mmeniachia mate yenu niyameze, leo mwenye kosa niwe mimi?"

Nilidhani atanipiga. Bi Rehema akasema taratibu, "Nilikufinya. Na mimi nilifinywa. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Nikakumbuka lililofuata baada ya kunifinya. Siku ile jioni, akinikanda paja kwa mafuta, aliniambia sikioni. Mwaka wa njaa kuu waungwana wote wa hapa walikimbilia bara kutafuta chakula. Bi Mwanashaha alibaki na mtumwa wake mmoja, mwanamke aliyekuwa akimchotea maji na kumbebea kuni. Alipojiona anakwisha, alimshusha yule mtumwa bwawani akamwogesha kwa mikono yake mwenyewe, ili maji yasikose mtu. Kisha akafa. Watu wakarudi, miaka ikapita, Mwanaidi akavunja ungo, na kijiji kizima hakuna anayejua kufunda wala kuyapima maji ila yule mtumwa. Wakampa mtoto wao akamwogesha. Halafu wakaona aibu, binti wa kiungwana kutolewa ndani na mtumwa. Jina likamezwa. Mimi niliambiwa mara moja tu, na nikaambiwa nisilitoe.

Ndipo nikamwona. Alikuwa pale tangu tulipofika, mwanamke ameinama kwenye mfereji unaotoka bwawa la juu, ametupa mgongo, anapima maji kwa kiwiko. Nilimwona nikadhani ni mchota maji tu.

"Zafarani," nikasema.

Lilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Akanyooka. Akageuka, uso wake mpana, ana chale tatu kila shavu, chale za watu wa mbali.

"Zafarani wa nani?" akaniuliza.

Nikafungua kinywa niseme wa Bi Mwanashaha, maana ndivyo walivyokuwa wakiitwa, fulani wa bwana fulani. Bi Mwanashaha mwenyewe akainamisha kichwa. Nikafunga kinywa. Nikamtafuta baba yake kichwani mwangu, mimi ninayejua kila jina, nikatafuta na mama yake, na kijiji chao. Sikupata kitu.

"Sijui," nikasema. "Baba yako simjui. Hakuna aliyekuuliza."

"Basi usinifanye wa mtu. Mimi Zafarani. Niliyapima maji nikamwogesha huyu mtoto. Inatosha."

Akashuka bwawani, anamshika mtoto bega, anamtia majini, na maji yanaanza kuchemka, mapovu yanapanda. Mtoto anacheka. Maji yanakuja upande wetu. Bi Rehema analoa, visigino vyake vinaziba, anang'aa kama nilivyomjua. Mimi nimesimama pakavu na joto linanifika kiunoni, kifuani, na nyuma yangu namsikia Zuhura anasema ah, kama mtu aliyetua mzigo.

Zafarani akanitazama juu ya kichwa cha mtoto.

"Kalitaje panapo watu," akasema. "Na ukifika kwangu usishushe sauti."

Nikaamka. Kulikuwa kunaadhiniwa alfajiri. Nguo imeniganda kwa jasho, kinywa kikavu hakina hata tone. Mariamu, mke wa mwanangu, alikuwa jikoni anachochea moto. Nikamwita, nikamtajia majina yote, kuanzia mimi mpaka Mwana Mize, bila kuruka. Akasimama na mwiko mkononi. "Mama, huyo mmoja mbona sijapata kumsikia?" Nikamwambia asogee nimfundishe tena.

Jua lilipochomoza Shabani akaja na karatasi yake na kijisanduku cha wino.

"Shangazi, nipe dole."

"Sikupi."

"Jana si ulisema sawa?"

"Jana nilikuwa sijaamka."

Nikamhadithia. Alikaa kwenye kigoda, kijisanduku magotini. Nilipomtaja Zafarani alitazama mlangoni kuona kama kuna anayesikia.

"Shangazi, unalijua unalolisema? Sisi hapa tunajiita waungwana. Mwanangu anaposwa mwezi ujao. Watu watasema tulifundwa na mtumwa."

"Si kwamba watasema, tulifundwa naye kweli. Waungwana wako walikimbia wakauacha mji na maji, yeye akabaki nayo. Mtoe yeye, na yule kijana wa miwani ana haki yake kucheka. Mtie yeye, na hakuna mahali panapokatika kutoka kwangu mpaka Kale."

"Na wakijenga hata hivyo?"

"Wajenge wakijua wanamzungushia nani ukuta. Lakini karatasi ya kusema hatumjui, kwa dole langu, hawaipati. Nikifa wanikate wakaliweke wenyewe."

Akafikicha macho. Shabani si mtu mbaya, namjua tangu anatambaa, jina lake la kwanza lilikuwa Hamisi, akaugua wakalibadilisha. Akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Basi, Shangazi. Twende nikupeleke kwa afisa ukamweleze. Ila ukifika hapo kwa huyo mama, useme polepole, kwa kunong'ona, akusikie afisa peke yake."

Nilikuwa nimekwisha kujifunga kanga. Nikamwambia, "Nipishe mlangoni, Shabani."