Lalamiko Lililoshuka Kutoka Ronge

Mimi ni mhitimu wa ngumbaru, yale masomo ya watu wazima, na hulisema neno hilo kifua mbele kama wengine wanavyotaja vyuo vya ng'ambo. Miaka ile ya sabini, kila jioni baada ya kazi, nilikuwa nikijibana kwenye dawati la watoto wa darasa la pili mjini Voi, magoti yakigusa masikio, nikisomeshwa Kiingereza na kijana ambaye ningeweza kumzaa. Masomo hayo ndiyo yaliyonipandisha hadi kuwa mtunza stoo wa yadi ya barabara. Na ni hayo hayo yaliyofanya wenzangu wanichague kuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Wasikudanganye kwamba walinichagua kwa ushujaa. Kijitabu cha makubaliano kati ya chama na serikali kilikuwa cha Kiingereza, na mimi ndiye niliyekuwa na hamu ya kukisoma.

Nilikisoma kama Biblia. Nilikisoma nikinywa chai, nikakisoma chooni, nikamsomea mke wangu mpaka akatishia kurudi kwao Mahoo. Kilichonipiga butwaa kilikuwa kifungu kimoja tu. Kilisema mfanyakazi akionewa, alifikishe lalamiko kwa msimamizi wake, kwa mdomo tu, ndani ya wiki moja tangu jambo lilipotokea. Akifanya hivyo, ni lazima asikilizwe, na asiporidhika jambo lake linapanda hadi kwa injinia aliyeko Mombasa. Wiki ikipita, basi. Lalamiko limekufa, hata kama umeonewa mbele ya kanisa zima siku ya Pasaka.

Hebu fikiria. Mtu anayefyeka majani kando ya barabara atamke maneno yake kwa wakati, na injinia ainuke kwenye kiti chake chini ya feni, aje Voi kwenye joto la kuyeyusha misumari! Nilikuwa nimewahi kuona tembo wakisimamisha gari moshi. Sentensi inayosimamisha mkubwa sikuwa nimeiona, na nilitamani kuiona kabla sijafa.

Basi mwaka mmoja, mvua za vuli zilipoanza, opareta wetu wa grida, ile mashine ya kusawazisha barabara, akapatwa na msiba wake. Alikuwa mtu wa Ronge, juu milimani, mpole, mrefu kama mlingoti wa simu, na hiyo mashine aliijua kama mtu anavyojua meno yake. Barabara aliyoichonga yeye ungeweza kuweka kikombe cha chai kilichojaa ndani ya lori na kufika Mwatate bila kumwaga tone. Jumanne moja nyapara wetu alimwamuru avuke korongo upande wa Mwatate. Opareta akamwambia maji yanakuja, mvua imenyesha milimani. Nyapara akasema, vuka. Akavuka, na mto ukashuka ukamkuta katikati. Grida ikazama mpaka kwenye kiti, yeye na utingo wake wawili wakatoka kwa kuogelea.

Kesho yake nyapara akatangaza kwamba opareta alivuka kwa kichwa chake mwenyewe. Akanyang'anywa mashine, akapewa panga akafyeke vichaka. Na haikuwa adhabu ya mwezi mmoja. Asipojitetea angebaki na panga mpaka astaafu.

Nilimvuta ndani ya stoo, nikamfungulia kijitabu.

"Wiki moja," nikamwambia. "Mpaka Jumanne, kabla ofisi haijafungwa. Nenda sasa hivi ukamwambie nyapara."

"Siwezi, Masta." Waliniita Masta kwa ajili ya ngumbaru. "Nimekasirika."

"Ndiyo maana uende! Unataka kwenda ukiwa umefurahi?"

Akanitazama kwa huruma. Akanieleza, polepole kama anayemweleza mtoto, kwamba kwao mlimani mtu hapeleki mashtaka akiwa na hasira tumboni. Hasira iliyofichwa inaweza kumletea yule mwingine ugonjwa, au ikakurudia wewe na watoto wako. Kwanza ni kutasa: unatia maji kinywani, unayapuliza nje, na hasira unaitamka mbele ya watu wako mpaka inatoka. Baada ya hapo ndipo unasema la kusema.

"Basi tasa hapa, maji si haya?"

"Mbele ya mama yangu na mjomba. Na mjomba ameenda Njukini kununua maharagwe."

"Atarudi lini?"

"Akishanunua."

Mimi mke wangu ni mtu wa Taveta, na milima ile nilikuwa nikiitazama tu kutoka chini; desturi zake sikuzijua. Nilitaka kulia. Wakati huo nyapara alikuwa akipita yadini akitabasamu, akiwaambia watu, "Mnaona? Angekuwa hana kosa si angesema?" Ukimya wa yule bwana, ambao kwao ulikuwa heshima, huku chini ulisomeka kuwa amekubali kosa.

Jumapili nikapanda lori la mboga hadi Ronge. Njia ilipanda mpaka nikadhani tutatokea mbinguni kwa mlango wa jikoni. Baridi! Nilitoka Voi nikiwa na jasho, nikafika meno yakigongana. Mama yake nilimkuta ametoka kanisani, kitambaa cha umoja wa akina mama bado kichwani. Nikamweleza kifungu changu kwa ufasaha wote wa masomo ya jioni.

"Hiyo wiki imewekwa na nani?" akauliza.

"Chama na serikali, mama. Walikaa mezani Nairobi wakakubaliana."

"Na walipokaa hapo walikuwa wametulia?"

"Nasikia walitaka kurushiana viti."

"Ndiyo maana wameweka haraka haraka." Akanijazia sahani ya viazi. "Kula, mwanangu. Umekonda kwa hayo maneno yako."

"Mama, Jumanne ikipita, mwanao hatashika tena usukani wa grida."

Akaacha kumenya kiazi alichoshika. Nadhani hakuwa ameambiwa hilo.

"Mjomba wake hajarudi," akasema. Nilishuka mlima nikiwa nimeshiba, na nimekata tamaa.

Jumanne ikafika. Saa nane, saa tisa. Opareta akarudi kutoka vichakani na panga lake, akakaa juu ya pipa. Nikamsihi, nikamkemea, nikamwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Akatikisa kichwa tu.

Mara lori la mboga likasimama langoni likitoa mvuke. Juu ya magunia ya kabichi, wima kabisa, alikuwa mama yake, kibuyu mkononi, kitambaa cha kanisa kichwani. Utingo wa lori walimteremsha kama wanateremsha vioo.

"Mjomba yuko wapi?" mwanawe akauliza.

"Mjomba atakuja akute yamekwisha. Simama hapa."

Akamsimamisha mbele ya mlango wa ofisi ya nyapara. Watu wakajaa: mafundi wenye grisi mpaka viwiko, karani na kalamu yake sikioni, mama mmoja muuza chakula wa pale langoni na mwiko mkononi. Ningesema Voi nzima ilikuja, na nisingekuwa mbali sana na ukweli. Nyapara, ambaye alikuwa mtu wa bara na mambo ya milimani hayajui, akatoka.

"Kuna nini hapa? Mmehamisha kanisa?"

Opareta akapiga funda la maji kutoka kwenye kibuyu, akayapuliza. Yalitoka kama ukungu wa Ronge wenyewe, yakasimama hewani kwenye jua kali, yakaanguka kwenye vumbi jekundu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba amekasirika, kwamba amelala na hasira na kuamka nayo, na sasa inatoka. Akapuliza tena. Mama yake naye akapuliza, akaomba mtu yule wa bara awe na afya na watoto wake wakue. Mimi, msomi, nywele zilinisimama. Hata kuku wa yule mama muuza chakula walinyamaza, naapa.

Kisha opareta akamgeukia nyapara, na sauti yake ilikuwa baridi na safi.

"Bwana mkubwa, uliniambia nivuke. Nilikwambia maji yanakuja, ukasema vuka. Sasa unasema nilivuka kwa kichwa changu. Hilo sikubali. Nalileta kwako."

Nyapara akatazama miguu yake. "Umemaliza? Mwambie mama yako amenilowesha viatu."

"Vitakauka, baba," mama akasema. "Jua mnalo la kutosha."

Yadi ikaangua kicheko. Nyapara akafunga mlango, na hakujibu lalamiko. Tukalipandisha kwa injinia, na injinia akaja! Alifika akijipepea na kofia. Nilimtazama akishuka kwenye gari, nikajiambia, ni kile kifungu kimemwinua kitini.

Lakini nyapara alikuwa amejipanga. "Huyu hakuniletea lalamiko lolote ndani ya wiki," akasema. "Alikuja siku nyingi baadaye. Muda umepita."

"Alikuja Jumanne," nikasema. "Nilikuwepo."

"Wewe ni wa chama, lazima useme hivyo," injinia akanijibu. "Kuna maandishi?"

Hapakuwa na maandishi, kwa sababu kifungu kilitaka mdomo tu. Hapo injinia akafanya jambo la busara: akaita watu mmoja mmoja, akiwauliza siku opareta alipokuja ofisini.

"Siku ya mama na kibuyu?" karani akasema. "Jumanne, wiki moja kamili tangu grida izame."

"Jumanne," akasema fundi. "Mimi nilirushiwa matone."

Mama muuza chakula akakaribia kukasirika kwa kuulizwa. "Mzee, nilitoka na mwiko wa mbaazi. Mbaazi napika Jumanne peke yake. Uliza tumbo la mtu yeyote hapa."

Injinia akamgeukia nyapara. "Ulirushiwa maji au hukurushiwa?"

"Nilirushiwa viatuni, lakini..."

"Siku gani?"

"Jumanne hiyo hiyo," nyapara akasema.

Mimi ndiye niliyekuwa nimemwona yule mama wa Ronge kuwa kikwazo. Kumbe kama opareta angenisikiliza, akaingia ofisini peke yake siku ya kwanza na kusema maneno yake kwa haraka, nani angemshuhudia? Lalamiko lilikuwa hai, kwa hiyo likasikilizwa lote. Utingo wawili wakaeleza nani aliamuru kuvuka, na kabla ya jioni injinia akasema opareta arudishiwe mashine yake.

Tuliitoa grida matope kwa siku kadhaa, kijiko kwa kijiko. Asubuhi injini yake ilipowaka, moshi mweusi ulifunika mji, na wengine wanasema ulionekana Kilimanjaro. Opareta akapanda, akakaa, akanyoosha ile miguu yake mirefu. Nyapara alikuwa amesimama kando, mikono mfukoni, na sisi wote tukangoja kuona watatazamanaje.

"Bwana mkubwa," opareta akamwita kutoka juu, "leo niende wapi?"

Nilitega sikio kwa bidii yote. Nilitafuta chembe ya kisasi katika sauti ile, japo ndogo kama ufuta, na haikuwepo.

"Mwatate," nyapara akasema. Kisha akakohoa, akaongeza, "Ukiona maji, usivuke."

"Ndiyo, bwana mkubwa," akasema, akatia gia.